Wasomaji Wanauliza: Kutembelea Northumberland, Kaskazini mwa England

Katika toleo lililopita safu hii iliigusia kwa maneno machache Northumberland, kaunti ya kaskazini kabisa ya England, inayopakana na Uskoti, ambayo kwa ukubwa wake ndiyo yenye wakazi haba kuliko kaunti zote za huko. Barua zilizofuata zimenionyesha kwamba wasomaji wengi wana watoto, ndugu au marafiki Newcastle, mji mkubwa ulio jirani, na wanapenda wakienda kuwasalimia wapate pia siku chache za mashambani. Nimechagua barua sita. Nimeizunguka kaunti hiyo kwa basi, kwa gari na kwa miguu, na ninayoyajibu ni yale ambayo ningefurahi kuambiwa kabla ya safari yangu ya kwanza.

SWALI: Mwanangu mwandishi, mimi ni mvuvi mstaafu. Binti yangu anasoma uuguzi Newcastle, na mwezi Agosti, Mungu akipenda, nitamtembelea. Ananiambia kuna kisiwa ambacho barabara yake huzama baharini mara mbili kwa siku kisha ikaibuka tena, na magari hupita. Yeye anaogopa kunipeleka. Mimi maji nimeyasoma tangu utotoni. Je, kuna la kuogopa? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kisiwa hicho ni Lindisfarne, ambacho wenyeji hukiita Holy Island, yaani Kisiwa Kitakatifu, kwa sababu mtawa Aidan alianzisha monasteri pale mwaka 635. Barabara ya lami ilianza kujengwa miaka ya 1950, na hadi leo maji yakijaa huifunika kabisa. Kila mwaka wapo wanaokwama katikati na kuokolewa, na wengi wao si watu wazembe, bali ni watu waliotazama mbele, wakaona lami kavu, wakaondoka.

Naomba uniruhusu nikueleze ilivyo, kwa kuwa wewe utaelewa haraka kuliko wengi. Mahali palipo chini zaidi hapako upande wa kisiwa, bali pako karibu na bara, penye daraja dogo linalovuka mkondo. Anayetoka kisiwani huendesha kilomita kadhaa akiwa pakavu, na anapofika mwisho, hapo akilini mwake ameshavuka, ndipo hukuta maji yamekwisha kuingia. Maji hayo hayaji kwa wimbi wala kwa kishindo. Hupanda kimyakimya kutoka pande zote mbili, yakijaza vijito vya mchanga kama yanavyojaza mikoko kwenu, na baada ya muda mfupi ukingo wa barabara hauonekani tena. Karibu na daraja kuna kibanda cheupe kilichosimama juu ya nguzo ndefu, chenye ngazi, nacho ni cha kumwokoa mtu na si cha kuokoa gari. Maji yakikukuta pale, liache gari, panda kibandani, piga simu 999 na useme unataka Coastguard, yaani walinzi wa pwani.

Ujuzi wako wa bamvua na maji mafu utakusaidia kuelewa kwa nini siku nyingine muda wa kuvuka ni mrefu na siku nyingine ni mfupi, lakini tafadhali usiutumie kukadiria saa. Saa ambayo maji hujaa siku ya mwezi mpevu hutofautiana pwani na pwani, na saa ya Tanga haifai kule. Halmashauri ya kaunti hutoa jedwali la saa salama za kuvuka, ambalo hupatikana kwenye intaneti na hubandikwa pia kwenye ubao mwanzoni mwa njia. Fuata hilo peke yake. Vitabu vingi vya mabaharia huandika saa za Greenwich, ambazo majira ya joto huwa nyuma kwa saa 1. Upepo mkali kutoka baharini nao huweza kuyaleta maji mapema, kwa hiyo usijipangie kuvuka katika dakika za mwisho.

Kuna hatari nyingine ambayo ni yetu sisi wasemaji wa Kiswahili, nami niliishuhudia. Tuseme jedwali linasema njia ni salama kuanzia 09:30 hadi 15:45. Kwa hesabu yetu hiyo ni saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:45 alasiri. Mgeni wangu mmoja kutoka Pemba aliandika kwenye kiganja chake “mwisho 3:45”, kama Waingereza wanavyoitaja 15:45, kisha akaisoma kuwa saa 3:45 usiku, na tulipokuwa tukinywa chai kijijini akanituliza kwamba tusiwe na haraka, kwa kuwa tuna muda hata baada ya Isha. Nilipotoa karatasi tulikuwa tumebakiwa na chini ya saa moja. Mwambie binti yako aandike saa hizo kwa mfumo uleule wa saa 24 wa jedwali, na nyote wawili mtumie saa ya simu yenye mfumo huo.

Ikiwa hamtatumia gari, lipo basi namba 477 kutoka Berwick-upon-Tweed, ambalo ratiba yake hubadilika kwa kufuata maji na ambalo halitembei kila siku. Ipo pia njia ya kale ya mahujaji inayopita juu ya matope na mchanga, iliyowekewa nguzo ndefu za mbao, karibu kilomita 5 kwa miguu. Hiyo huanzwa maji yanapopwa, nguzo haziachwi hata kwa hatua chache, na kwa mara ya kwanza ningependa muende na mwenyeji anayeijua.

SWALI: Ndugu mwandishi, tutakodi gari Newcastle kwa siku tano. Nyumbani tunaendesha upande wa kulia, na nimeambiwa barabara za vijijini huko ni nyembamba mno. Tujiandae vipi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako wa Dar es Salaam au wa Nairobi angekuwa na kazi nyepesi, kwa sababu Uingereza huendesha kushoto kama wao. Kwako wewe, na kwa wasomaji wetu wa Rwanda na Kongo, siku ya kwanza iwe ya safari fupi na ya mchana. Kodi gari lenye gia za otomatiki, ili mkono wa kushoto usiwe na kazi mpya huku akili ikijifunza upande mpya. Kosa hutokea hasa asubuhi, unapotoka kwenye uwanja wa nyumba ya wageni na barabara haina gari lolote la kukukumbusha upande ulipo. Leseni ya nchi yako, ikiwa hai, humruhusu mgeni kuendesha huko hadi miezi 12, ila kampuni za kukodisha zina masharti yao ya umri na ya kadi ya benki, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa.

Barabara nyingi za vijijini zina upana wa gari moja tu. Kila baada ya umbali fulani kuna mahali palipopanuliwa kwa ajili ya kupishana, pakiwa na kibao. Ukiona gari linakuja na nafasi hiyo iko kushoto kwako, ingia. Ikiwa iko kulia, usikatize kwenda upande huo, bali simama mkabala nayo ili mwenzako aingie. Anayepanda mlima hupishwa. Wakati mwingine itakubidi urudi nyuma mita 50 au zaidi hadi ulipoiacha nafasi ya mwisho, kwa hiyo kila unapoipita ikumbuke. Anayepishwa huinua mkono au vidole kutoka kwenye usukani kama shukrani, na anayesahau kufanya hivyo huhesabiwa kuwa hana adabu.

Alama ya duara jeupe lenye mstari mweusi wa mshazari humaanisha kwamba magari madogo hayapaswi kuzidi maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, kwenye barabara isiyogawanywa katikati. Huo ni ukomo tu, wala haukuamrishi kuufikia. Kwenye njia yenye kona zilizofichwa na ua wa miti, mwendo wa nusu yake mara nyingi ndio mwendo wa busara, kwa maana nyuma ya kona kuna trekta, au kuna kondoo waliolala juu ya lami kwa sababu ina joto. Hata barabara kuu ya A1, kaskazini mwa Morpeth, hupoteza mgawanyo wake kwa masafa marefu, na hapo watu huchoshwa na lori la mbele wakajaribu kulipita pasipo nafasi. Vumilieni.

Jazeni mafuta Alnwick au Hexham kabla ya kuingia ndani, kwa kuwa vituo ni vichache na vingine hufungwa jioni. Pakueni ramani ya eneo zima kwenye simu mkiwa bado mjini, maana mabonde mengi hayana mtandao. Na mwenye nyumba mtakayolala mwombeni maelezo ya njia kwa maneno, kwa sababu msimbo mmoja wa posta kijijini huweza kuhusu mashamba kadhaa, na simu ikawafikisha kwenye lango la mtu mwingine usiku.

SWALI: Dada, sisi tunaishi Leicester na hatuna gari. Tunataka kuwapeleka watoto kwenye Ukuta wa Hadrian pamoja na mama yangu, ambaye magoti yanamsumbua. Inawezekana kwa siku moja kutoka Newcastle? (Msomaji, Leicester)

JIBU: Inawezekana, dada yangu, mradi msijaribu kuona kila kitu. Ukuta huo ulianza kujengwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Roma, ukiwa na urefu wa kilomita 117 kutoka pwani hadi pwani, na tangu 1987 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pandeni treni ya Newcastle kwenda Carlisle, mshuke Hexham, kisha mchukue basi linaloitwa AD122, ambalo namba yake ni mwaka huohuo. Ratiba yake hubadilika kwa msimu, nayo ndiyo itakayoipanga siku yenu: kabla ya kuamua basi la asubuhi, tafuteni la mwisho la kurudia, kwa sababu pale mkilikosa hakuna daladala ya kuokoteza.

Wengi watakuelekeza Housesteads, ngome iliyo juu ya kilima yenye mandhari mazuri kweli, lakini kutoka kituoni ni kiasi cha mita 800 za kupanda, na kwa mama mwenye magoti hiyo ni adhabu. Mimi ningempeleka Chesters, ambako ardhi ni tambarare zaidi na ambako mabaki ya nyumba ya kuogea ya askari wa farasi yapo kando ya mto North Tyne. Watoto wakitaka zaidi, Vindolanda iko kwenye njia hiyohiyo ya basi. Hapo, tangu 1973, ardhi yenye unyevu imetoa mamia ya vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, kimojawapo kikiwa mwaliko wa siku ya kuzaliwa ambao Claudia Severa alimpelekea rafiki yake Sulpicia Lepidina yapata miaka 1,900 iliyopita. Waambieni watoto pia kwamba Kaisari Septimius Severus, aliyefika Britania mwaka 208 kupigana kaskazini mwa ukuta huo, alizaliwa Leptis Magna, katika Libya ya leo.

Picha nyingi za ukuta huo bado zinaonyesha mti mmoja mkubwa kwenye bonde dogo kati ya vilima viwili, mahali paitwapo Sycamore Gap. Mti huo ulikatwa na wahalifu Septemba 2023. Msiwaahidi watoto picha hiyo.

Kwenye kituo cha basi cha kijijini, dereva akikaribia mpungie mkono, la sivyo huweza kupita akidhani mmepumzika tu. Mtajie unakokwenda, naye atakutoza hapo hapo, kwa kadi au taslimu.

SWALI: Nitakwenda mwezi Julai. Je, nibebe koti zito? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usibebe koti moja zito. Beba nguo tatu nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, na ya nje iwe isiyopitisha maji wala upepo. Katika siku moja ya Julai utaivaa na kuivua mara sita. Mwavuli uache, kwani upepo wa pwani ile utaugeuza.

SWALI: Assalaamu alaykum. Sisi ni familia ya watu saba, na tunapanga kukaa wiki moja mwezi Juni karibu na Seahouses. Tuna wasiwasi kuhusu chakula cha halali na nyakati za sala. Watoto nao wanataka kuona ndege wa baharini. (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullah. Kwa familia yenu ushauri wangu ni kukodi nyumba yenye jiko badala ya vyumba vya hoteli. Mabucha ya halali na misikiti ipo Newcastle, na huko ndiko mnunue nyama ya wiki nzima kabla ya kwenda kaskazini, kwa sababu kwenye vijiji vya pwani msitarajie kuipata. Nyumba nyingi hupangishwa kwa wiki, kuanzia Ijumaa au Jumamosi. Mkifika Jumapili, kumbukeni kwamba kwa sheria ya 1994 maduka makubwa ya England hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu siku hiyo.

Samaki wa kukaanga wa Seahouses husifiwa, na mtu hudhani samaki hana shaka. Hata hivyo, kaskazini mwa England maduka mengi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe, na mengine huchanganya bia katika unga wa kupaka. Ulizeni mambo hayo mawili kila dukani, kwa upole na bila haya, maana wauzaji wamezoea kuulizwa. Kuna samaki mwingine ambaye sina wasiwasi naye, yule wa moshi wa kijiji cha Craster. Hupasuliwa kama ng'onda, hutiwa chumvi, kisha huning'inizwa usiku kucha juu ya moshi wa vumbi la mti wa mwaloni, ndani ya nyumba ambayo boriti zake zimekuwa nyeusi tii na kung'aa kama zilizopakwa lami. Harufu yake utaivuta kabla hujaliona jengo.

Kuhusu sala, mwishoni mwa Juni jua huzama yapata saa 3:50 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10:40 alfajiri, na katikati yake giza kamili haliingii kabisa. Kwa hiyo programu za simu hutofautiana sana kuhusu Isha na Alfajiri. Chukueni ratiba ya msikiti mmojawapo wa Newcastle na mshikamane nayo wiki nzima, ili nyumba isiwe na mabishano.

Ndege mtawaona Visiwa vya Farne, kwa boti kutoka bandari ya Seahouses. Juni ni mwezi mzuri, kwani mwishoni mwa Julai puffin, wale wadogo weusi wenye kifua cheupe na mdomo wa rangi ya machungwa, huwa wameanza kuondoka. Kila mtoto avae kofia ngumu kidogo. Buabua wa Aktiki hutaga kando ya njia, na humdonoa kichwani hadi damu kila anayekaribia. Mmoja wao, aliyefungwa kifaa cha kufuatiliwa mwaka 2015, alisafiri kilomita 96,000 kutoka visiwa hivyo hadi Antaktika na kurudi, akapita pwani ya magharibi ya Afrika na kuingia hata Bahari ya Hindi. Watoto wenu watapenda kulijua hilo watakapokuwa wanashika vichwa vyao.

SWALI: Nimefika Point Lenana, Mlima Kenya, mara tatu. The Cheviot, kilele cha juu kabisa Northumberland, kina mita 815. Je, kuna haja ya maandalizi yoyote? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ipo, na mita zisikudanganye. Juu ya The Cheviot hakuna ncha ya kulenga. Ni uwanda mpana wa udongo mweusi wa mboji uliolowa, ambao huweza kukumeza hadi magotini ukiziacha bapa za mawe zilizotandazwa kwa ajili ya wapitaji. Ukungu hushuka kwa dakika chache, na hapo pande zote nne hufanana. Nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, ya kipimo cha 1:25,000, namba OL16, pamoja na dira, na uwe umejizoeza kuvitumia.

Kusini mwa vilima vya Cheviot, karibu robo ya Hifadhi ya Taifa ya Northumberland ni eneo la mazoezi ya jeshi, Otterburn. Bendera nyekundu ikipandishwa, au taa nyekundu ikiwaka, wanafyatua risasi za kweli, na njia zote za humo zimefungwa. Siku ambayo hakuna bendera unaweza kupita, ila usiache njia wala usiokote chuma chochote.

Kwenye mashamba, mishale ya njano huonyesha njia ya miguu ambayo kila mtu ana haki ya kupita, hata ikikatiza katikati ya malisho. Geti liache ulivyolikuta: lililofungwa lifunge nyuma yako, na lililo wazi liache wazi, kwa sababu huenda mfugaji ameliacha hivyo ili mifugo ifikie maji. Ng'ombe wenye ndama wazungukie kwa mbali, usipite kati ya mama na mtoto. Jioni jikague kupe nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya mwili, kwani huko huambukiza ugonjwa wa Lyme.

Ukipatwa na tatizo mlimani, piga 999, omba polisi, kisha useme unahitaji Mountain Rescue, ambao ni waokoaji wa kujitolea. Pale ambapo sauti haipiti, ujumbe mfupi huweza kupenya, lakini huduma ya kutuma ujumbe kwa 999 hufanya kazi ikiwa namba yako imesajiliwa mapema. Kama una laini ya simu ya Uingereza, tuma neno “register” kwenda 999 na ufuate maelekezo yatakayorudi. Fanya hivyo ukiwa bado mjini Wooler, kabla hujalipita bonde la kwanza.